Samli ya Wageni

Kila samli inapochemka jikoni kwangu, kichwa huanza kuniwasha, ingawa mapunye niliyaacha utotoni.

Enzi zile za Mwingereza, daktari mmoja Mzungu alituma habari kijijini kwetu, kule Nshamba, kwamba angewaleta waganga wanafunzi wajifunze magonjwa ya ngozi kwa kututazama sisi watoto. Bibi alishtuka. Wageni waje kukagua wajukuu zake wakiwa na mapunye na upele? Alfajiri alitusugua mpaka tukalia, kisha akatupaka samli kuanzia utosini. Tuling'aa kama viatu vya padri.

Daktari alitugeuza huku na huku, akafuta miwani. "Lakini niliambiwa hapa kuna mapunye!"

"Hapa?" bibi alijibu kwa Kihaya, akimpa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni. "Labda kwa jirani."

Daktari alipoinama kuipokea, bibi akaiona shingo yake, nyekundu, inabanduka kwa jua.

"Maawe! Na huyu asubuhi hakuwa na mtu wa kumpaka?"

Daktari akawageukia wanafunzi wake. "Amesema nini?"

Hakuna aliyethubutu kutafsiri. Wala haikuhitajika, maana bibi alikwisha kuchovya vidole kwenye samli.