Spika Tano za Fundi Viti

Fundi Viti alishona viti vya magari, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemtia doa. Gari lililokuja na viti vilivyochanika kama vimetafunwa na mbwa lilirudi kwa mwenyewe likinukia ngozi mpya. Jioni alifunga karakana, akasugua mikono kutoa gundi, akaketi mbele ya kompyuta yake ya mezani kucheza gemu ya vita. Timu yao iliongozwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, na wenzao wengine walijiunga kwa mtandao kila mmoja akiwa kwao.

Humo ndani ya gemu Fundi Viti alikuwa kichekesho. Maadui walimnyatia, wakammaliza kabla hajageuka.

"Shem, wewe hatua za mtu huzisikii?" shemeji alimfokea siku moja. "Unachinjwa kama kuku. Nunua spika za kuzunguka chumba, ujue adui anatoka wapi, au tutafute mtu mwingine."

Shemeji hakujua, wala mke hakujua, kwamba sikio la kushoto la Fundi Viti lilikufa utotoni kwa matumbwitumbwi. Aliyejua ni mama yake tu. Ndiye aliyemfundisha kukaa mwisho wa benchi, upande wa kushoto, ili watu wote wawe kulia kwake. "Usimwambie mtu, mwanangu," alimwambia. "Binadamu akijua unapochechemea, hapohapo ndipo atakaposukuma." Fundi Viti aliushika usia huo hadi ndani ya ndoa.

Wakaenda dukani pamoja. Muuza spika alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mengi. Kwanza akauliza ukubwa wa chumba, kisha akauliza kama kompyuta ina matundu ya kutosha ya kuchomeka spika zote, maana wengine hununua tano wakifika nyumbani zinalia mbili.

"Lakini kwa gemu," akasema, "watu wengi huchukua hedifoni. Ni rahisi, na hatua unazisikia vizuri."

"Masikio yananitoka jasho," Fundi Viti akajibu harakaharaka.

Ukweli ni kwamba hedifoni kwake zilikuwa ukuta. Sauti ya kushoto ilizama yote. Spika zikiwa chumbani angeweza kugeuza kichwa kidogo, sauti ikapanda au ikashuka, akakisia. Hilo alikuwa amelifikiria muda mrefu.

Muuza spika akamkalisha kwenye stuli katikati ya spika tano, boksi la besi likiwa sakafuni. "Nitacheza hatua za mtu. Fumba macho, tulia hivyohivyo, unionyeshe kidole zinakotoka."

Fundi Viti akaonyesha kulia. Zikachezwa tena, akaonyesha kulia. Mara ya tatu kulia. Wateja wakaanza kukohoa vicheko. Shemeji akasogea taratibu upande wa kushoto, akainama karibu na lile sikio, akanong'ona tusi ambalo mtu mzima hatukanwi. Fundi Viti akabaki amefumba macho, anatabasamu, anasubiri hatua.

Duka zima likaangua kicheko. Muuza spika peke yake ndiye aliyeangalia chini.

"Kiziwi!" shemeji alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Jamani, dada yangu ameolewa na kiziwi!"

Fundi Viti alizinunua spika hizo. Alizibeba mwenyewe hadi nyumbani, lakini habari ilikuwa imeshatangulia kwa simu.

Mkewe alimsubiri mlangoni. "Miaka yote hii," alisema. "Nilikuwa nakuambia maneno yangu kitandani, umelala kama gogo. Nikadhani unanidharau. Nimelia kwa ajili hiyo, unajua? Kumbe nimeolewa na nusu mtu, tena nusu inayodanganya."

Uchungu wa mke ulikuwa wa haki, na pengine ungepoa angeomba radhi. Yeye akainama kufunga nyaya. Mbili za mbele akaziweka mezani, ya katikati chini ya kioo cha kompyuta, na zile za nyuma akazitundika ukutani, kila upande wa mlango wa chumba cha wageni.

Tangu siku hiyo mke akahamia upande wa kushoto. Alimkalia kushoto kwenye kochi, akamsema kushoto kwake mbele ya majirani, huku uso umejaa tabasamu. Timu nayo ikamtoa, akawa anacheza peke yake, lakini shemeji aliendelea kuja jioni, akaketi na dada yake hapohapo kushoto, wakapiga soga. Fundi Viti aliona midomo yao ikichezacheza kwenye kioo cha kompyuta kila gemu ilipoingia giza.

Akasogeza maiki ya gemu ikae ukingo wa kushoto wa meza. Kwenye kompyuta kuna mahali pa kuruhusu maiki isikike moja kwa moja kwenye spika. Akairuhusu, spika ya kulia peke yake, sauti ya chini kabisa. Ndipo akaanza kusikia. Mkewe alimwita kinyago, mzigo. Alisema heri angekuwa kiziwi kabisa, ijulikane moja. Fundi Viti alisikiliza jioni baada ya jioni huku anacheza.

Kisha mama yake akaja kukaa kwao kwa ajili ya matibabu ya kifua. Mke alimpokea kwa heshima zote, "Shikamoo mama, karibu mama." Jioni moja mama akiwa chumba cha wageni anakunja nguo, mke akamwinamia kaka yake.

"Ananuka dawa nyumba nzima," akaanza.

Fundi Viti akafungua spika zote tano na kupandisha sauti hadi mwisho.

"Kila kikombe anachogusa nakiosha mara mbili. Mbona hafi tukapumzika?"

Nyumba nzima ilisema. Kisha spika zikapiga mluzi mkali, akazizima. Mke aliganda, mkono mdomoni. Shemeji akatafuta viatu vyake.

Mama akatoka, mtandio mkononi. Hakumtazama mkamwana. Alimwendea mwanawe, akasimama kulia kwake.

"Haya ulikuwa unayasikia siku zote?"

"Ndiyo, mama."

"Ukijua atakayosema?"

"Nilijua, mama. Nilitaka ajulikane."

"Ukaona na mimi niyasikie."



Asubuhi mama alihamia kwa binti yake, na matibabu akayamalizia huko. Mke alibaki, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Sasa chakula cha mume anakiweka mezani bila neno, si kulia wala kushoto. Fundi Viti akipiga simu kwa dada yake anaambiwa mama amelala, hata kama ni saa sita mchana. Aliwahi kwenda mwenyewe. Dada alimtolea kiti nje na maji ya kunywa, akamwuliza habari za karakana. Mlango wa ndani ulikuwa umerudishwa, na nyuma yake mtu mzima alikuwa anakohoa.