Mlangilangi wa Kimo cha Mama

Siku ile bado ninaikumbuka, mwanangu, siku mama yangu aliporudi kutoka Kigoma, akashuka hapa ufukweni Rumonge akiwa ameshikwa mkono na abiria mwenzake. Alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, akakaa huko miaka miwili. Alipoondoka macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Aliporudi alikuwa haoni kabisa. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nililia palepale, mbele ya watu waliokuwa wakishusha mizigo.

Kabla ya safari ile alikuwa amepanda mche wa mlangilangi kando ya mlango wa jikoni. Aliniachia agizo moja tu: mti ukifika kifuani, niukate kilele, na matawi yakianza kupanda juu niyapunguze. Niliitikia vizuri sana. Lakini ujanani, mwanangu, masikio huwa ni ya kuvalia hereni. Siku mti ulipofika kifuani nilichukua panga, nikautazama, nikalirudisha ndani. Ulikuwa unapendeza mno, na majirani walikuwa wakisimama kuusifu. Ukapita dirisha, ukapita bati, nami nikatembea mtaani kwa maringo utadhani nimeuzaa mimi. Maua yake yalinukia hadi barabarani.

Basi nikamfikisha mama nyumbani. Alisimama uani, akavuta pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke.

"Iko na maua," alisema.

Akauachia mkono wangu, akaifuata harufu peke yake mpaka kwenye shina. Akainua mkono. Akapapasa gome, akapapasa juu zaidi, akasimama kwa ncha za vidole. Hakupata ua, wala jani. Maua yote yalikuwa juu ya bati.

Hakunigombeza. Aliuliza polepole tu, "Mutoto wangu, hii muti ulikuwa unaichungia ndege, ao miye?"

Ndipo nilipoelewa. Alijua tangu mwanzo kwamba macho yanamwacha, akajipandia kitu ambacho angekipata kwa pua na kwa mkono. Nami nilikuwa nimekipeleka asikofika. Hadi leo nikikumbuka ninaona aibu, na uzee wangu huu wote.

Kesho yake asubuhi nilimsimamisha kando ya mti, nikaukata usawa wa kifua chake. Kilibaki kisiki, wapita njia wakanicheka. Mama akawa anakipapasa kila siku na kunieleza machipukizi yametokea wapi. Matawi yakatoka ubavuni, yakainama. Masika yakapita ndipo maua yakaja. Nilikimbilia kumchumia la kwanza likiwa bado kijani. Akalinusa, akanirudishia, akaniambia ningoje mpaka jingine lipige manjano mtini. Lilipoiva alilichuma mwenyewe, akalichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. Si chake, ni changu. Alichuma hivyo kila asubuhi ya msimu mpaka alipofariki.

Sasa wewe unataka mche wa kupanda kwenye kiwanja chako cha kule Kizuka. Utaupata. Upande penye jua, mahali maji yasipotuama, uumwagilie mpaka ushike. Ukifika kifuani ukate, hata roho ikikuuma, hata wakikucheka. Kitu unachomtunzia mtu, kitunze pale mkono wake unapofika. Macho ya majirani yatapata vingine vya kutazama.

Ila mche hautoki hapa bure. Macho yangu nayo yameanza kuona ukungu, mlangilangi wangu umenipita kichwa, na panga siku hizi linanishinda. Chukua hilo hapo ukutani, uanze na matawi ya juu. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Na siku macho yako yatakapochoka, akujalie mtu aliyekwisha kukukatia mti mapema.