Baba Aliyeipa Barafu Mgongo

Harufu ya udi huwakumbusha watu harusi. Mimi, jirani yangu hapa Nakuru akiufukiza na moshi ukapenya chini ya mlango wangu, hushikwa na baridi ya vidole. Papo hapo naisikia harufu ya glavu zilizolowa jasho zikakaushwa vibaya, na mlio wa vyuma vikikwaruza barafu. Watoto wangu hunicheka. Lakini udi mimi niliujulia Doha, ndani ya jumba la maduka ambako duka la manukato lilitazamana na uwanja wa barafu, huku nje jua likilainisha lami.

Ndiyo, uwanja wa barafu, jangwani. Nyanya yangu kule Nyahururu alipoelezwa habari hiyo kwa simu, aliuliza kwanza kama tunakula vizuri.

Mama alikuwa nesi, na ndiye aliyetangulia Qatar. Baba nami tukamfuata. Tulikaa Al Mansoura, chumba kimoja na sebule, juu ya kinyozi. Baba alipata kazi ya ulinzi katika jumba lile, na lindo lake likawa palepale kwenye ukingo wa barafu. Aliniita Mami, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo hata akinigombeza ilimbidi anigombeze kwa adabu.

Nilikuwa na miaka tisa, na mwaka 2010 ulikuwa umepita juzijuzi tu. Kiangazi kile nusu ya watoto wa Doha walikuwa wamesafiri kukimbia joto. Kocha Arnel, Mfilipino mfupi mwenye sauti ya watu watatu, aliendesha kambi ya watoto ya hoki ya barafuni, na watoto waliobaki mjini hawakumtosha kuunda timu mbili. Akamuuliza baba kama hana mtoto nyumbani. Baba akanitoa palepale, bila hata kumshauri mama.

Mama aliona nimonia tu. Alikuwa nesi, aliyajua mapafu kuliko sisi wote, lakini alikuwa pia mama wa Kikenya, na huyo ndiye aliyeshinda. Kila asubuhi alinisugua dawa ya kifua, akanivika sweta mbili, kisha akanishindilia kofia ya sufu masikioni, ambayo helmeti ilikataa kukaa juu yake. Siku ya kwanza niliingia barafuni nikiwa siwezi kukunja viwiko.

Mazoezi yenyewe nilikuwa nimeyaanza wiki moja kabla, sebuleni. Baba alisukuma makochi ukutani, akamwaga maji ya sabuni juu ya vigae, akanivalisha soksi na kunipa ufagio. Kifuniko cha kopo la maziwa ya unga ndicho kilichokuwa kile kisahani cheusi kinachopigwa. Mkono wa kushoto aliuweka chini kwenye mpini, wa kulia juu, akaupiga makofi madogo kuuthibitisha. "Hivyo ndivyo wanashika, Mami. Nimewaona." Hakuwahi kukanyaga barafu maishani mwake, lakini alinifundisha kukata kona, kuinama na kupiga kama mtu aliyezaliwa juu yake. Nilidhani alijifunza kwa kutazama wakati wa mapumziko ya chakula.

Kocha Arnel aliponiona na gongo langu aliuliza kama naandika kwa mkono wa kushoto. Nikasema hapana, wa kulia. Wenzangu karibu wote walishika kinyume changu. Akanigeuza mikono, alipoondoka nikairudisha. Akanigeuza tena, nikairudisha tena mbele yake, nikamwambia kwamba baba ndiye amenifundisha. Alimtazama baba pale ukingoni, akacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni, akaniacha nilivyo.

Lakini baba mwenyewe hakuyageukia hayo; alikuwa amenipa mgongo. Siku zote alinipa mgongo. Mikono nyuma, kofia imenyooka, uso ameuelekeza kwenye duka la udi na watu wanaopita. Nilianguka nikagonga ubao kwa kishindo, hakugeuka. Nilijifunza kusimama ghafla mpaka barafu ikaruka kama unga, hakugeuka. Wazazi wengine walining'inia ukingoni na simu zao wakiita majina ya watoto wao kwa lugha kumi. Mimi nilikuwa na mgongo wa sare ya buluu.

Iliniuma, tena sana. Jioni moja nilimuuliza kwa nini haniangalii.

"Kazi ni kazi, Mami," alisema. "Askari anaangalia watu. Barafu haiibiwi."

"Hata mara moja tu?"

"Mwenzangu Otieno aliangalia game moja tu. Siku hizi yuko pakingi."

Pakingi ya nje, Doha, mwezi wa saba, si mahali pa kumtakia hata adui. Sikumwomba tena. Hata hivyo wakati wa chakula baba aliniambia kuwa leo nimeanguka mara nne, na kwamba ile ya tatu ilitokea kwa sababu nilikuwa nikitazama watu badala ya kutazama njia. Nikaamua kwamba Kocha Arnel ananichongea, nikamnunia siku mbili nzima.

Basi kambi ilipokaribia kwisha, mimi sikutamani kombe wala medali. Nilitaka kitu kimoja: baba ageuke anitazame, walau mara moja.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mechi. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, sare ya kinesi chini ya koti zito alilobeba kutoka Nyahururu na ambalo Doha nzima lilikuwa na kazi mahali hapo tu. Golikipa wa timu ya pili alikuwa Karim, mvulana wa Kilebanoni aliyejaza goli kama kabati. Wiki zote tatu hatukuwahi kumfunga zaidi ya kubahatisha. Mpaka dakika za mwisho tulikuwa sare ya bao moja kwa moja, na miguu yangu ilikuwa imekwisha.

Kisahani kikapotea katikati ya magongo, kikatokeza mbele yangu. Nikakimbia nacho kuelekea upande aliosimama baba. Karim alikuwa amezoea mipigo inayotoka upande mmoja, mkono mmoja, pembe ileile, akajitupa huko mapema. Mimi nikapiga kwa mikono yangu ya sebuleni, kutoka upande ambao hakuna aliyewahi kumpigia. Wavu ukatikisika.

Mama alipiga vigelegele vilivyosimamisha watu kwenye ngazi za umeme. Nami sikumtazama mama, sikumtazama kocha. Niliutazama ule mgongo.

Ukageuka. Baba aligeuka mwili mzima, akainua mikono yote miwili, kofia ikaanguka asiiokote, akapaza sauti, "Huyo ni wangu! Huyo ni wangu!"

Msimamizi wake, Mganda mmoja mkali aliyeitwa Bwana Ssali, alikuwa tayari amefika na redio yake mkononi.

"Mwangi, leo unaangalia wapi?"

"Naangalia mtoto, bosi."

Bwana Ssali aliokota kofia, akaipangusa, akampa. Kisha akasimama yeye mwenyewe kwenye lindo la baba, mikono nyuma, uso kwa duka la udi. "Dakika zilizobaki ni zangu," alisema. "Wewe endelea." Baba akashika ukingo kwa mikono miwili kama wazazi wengine, na timu yangu ikashinda mbili kwa moja.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba bao langu ndilo lililomfanya baba anitazame. Mpaka Krismasi iliyopita, alipokuwa akimfundisha mwanangu kupiga kopo uani kwa fimbo. Akaishika mikono ya mtoto, akauweka wa kushoto chini. Nikamwambia, "Baba, hivyo ni kinyume. Nani hasa alikufundisha?"

Aliona haya kidogo, mzee mzima. Akasema ni kioo. Dirisha la duka la udi lilikuwa pana na jeusi, na uwanja wote wa barafu ulionekana ndani yake. Mchezo wote aliujulia mle, miezi mingi, na kwenye kioo kulia huwa kushoto. Humo ndimo alimonitazama kila siku ya kambi, kila nilipoanguka na kila nilipoinuka, bila kupepesa. "Na yule Ssali," aliongeza, "unafikiri siku ile alikuwa anaangalia watu?"

Nilicheka, halafu nikaingia jikoni nikalia. Baba hakuwa na haja ya kugeuka ili anione. Aligeuka ili mimi nimwone.