Jicho la Msahihishaji

Wewe unayesoma hapa, umewahi kukisoma kijitabu cha bima yako ya afya mpaka ukurasa wa mwisho? Cha mama yangu mdogo kilikaa sebuleni kwetu miaka miwili. Ni mimi niliyekikunja mara nne nikakisukumia chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na maneno ya moto juu ya haki za wastaafu, na kijitabu chenye haki zenyewe nilikifanya kabari.

Mama mdogo alinilea tangu nikiwa darasa la tatu, dada yake, yaani mama yangu, alipofariki. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, chumba cha nyuma, kwenye meza iliyoinama kama paa. Yeye hakuchapa wala hakutunga. Alikuwa msahihishaji. Kila kilichotoka pale, kuanzia sheria za nchi hadi vitabu vya shule na fomu za kuombea kaburi, kilipita kwanza chini ya rula yake ya chuma na kalamu yake nyekundu. Wenzake walimwita Mama Nukta.

Alikuwa na namna yake ya kusoma. Alianza na neno la mwisho la ukurasa, akarudi nyuma neno kwa neno mpaka la kwanza.

"Ukisoma kwa kuelewa, akili inalitangulia jicho," aliniambia siku moja nilipomshangaa. "Inajisomea inachokitaka, na kosa linapita hapo katikati linawacheka wote wawili. Maana si kazi yangu, mwanangu. Maana wanayo wenye wizara. Mimi nalinda herufi."

Hata nyumbani hakuweza kuacha. Alisahihisha kadi za harusi kabla hajasoma nani anaoa. Barua yangu ya kwanza ya mapenzi niliisahau mezani, nikaikuta na alama mbili nyekundu. "Maneno ni yako," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nimeweka koma tu, binti wa watu asikose pumzi."

Macho yake ndiyo yaliyotulisha na kunisomesha. Hayakuwa mazuri, miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Lakini aliyatumia kama seremala anavyotumia randa ya zamani, kwa kuijua. Alipostaafu, wenye shule waliendelea kumletea mitihani aisahihishe, na alikuwa akisema atafanya kazi hiyo mpaka siku ya kuzikwa, kisha atasahihisha na tangazo.

Mwaka jana binti yake, aliyeolewa nchi za mbali, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kubebwa kwenye kiganja. Mama mdogo akafunga sanduku moja, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda kulea. Kadi yake ya bima ya wastaafu aliitia kwenye pochi, na mimi pale uwanjani nikaipigapiga ile pochi na kumwambia, "Hii inatosha, mama mdogo. Umeilipia."

Wiki ya kumi na mbili alinipigia simu.

"Mwanangu, huyu mtoto bado mdogo mno, na mama yake usingizi hana. Nitakaa mwezi mmoja zaidi. Hebu pita ofisi ya bima uwaulize kama kuna la kufanya."

"La kufanya lipi? Umekatwa mshahara miaka thelathini na mmoja. Ile si hisani. Haki haiombwi."

"Sikukutuma kuomba. Nimekutuma kuuliza."

"Kuomba ruhusa ya kutumia kitu chako mwenyewe ni utumwa, mama mdogo."

Alicheka. "Haya, mheshimiwa mbunge. Lakini pita."

Nikasema nitapita. Sikupita. Wiki ile tulikuwa na kongamano la vijana, na mimi nilikuwa mzungumzaji mkuu. Mada yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa hifadhi ya jamii kwa wazee.

Siku ya tisini na saba tangu aondoke, aliamka akaona kitu kama pazia jeusi linashuka kwenye pembe ya jicho la kushoto. Binti yake alimkimbiza hospitali. Daktari wa kule akasema ngozi ya nyuma ya jicho imeanza kubanduka, kama karatasi ya ukutani inayoachia, na bado haijafika kwenye kiini cha kuonea. Apasuliwe ndani ya siku mbili tatu, jicho litapona. Lakini hospitali ilitaka barua ya dhamana kutoka kwa bima yake. Bima ya kazini ya mkwe ilimhusu mke na mtoto, mama mkwe hakuwamo, na gharama ya upasuaji ule ilikuwa ya kuuza nyumba.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa dirisha namba nne la ofisi ya bima. Karani alikuwa dada wa rika langu, amevaa sweta la kijani, na kikombe cha kalamu mbele yake. Akaangalia kompyuta yake kwa utulivu ulioniudhi.

"Kaka, mama alipogongewa muhuri wa kutoka ni siku tisini na nane zilizopita. Bima ya mstaafu akiwa nje ni siku tisini. Angejaza fomu ya kuongeza muda kabla hazijaisha, angeongezewa. Fomu yenyewe haina ada, na hata ndugu angeweza kuileta."

Ndugu. Nilihisi neno lile limenipiga kifuani, na badala ya kuinama nikapaza sauti.

"Kwa hiyo jicho lingeangalia kalenda kwanza ndipo liugue?"

Foleni ikacheka. Kicheko kile kilinilevya kuliko pombe. Nikaligeuzia dirisha mgongo, nikawahutubia watu juu ya wazee waliojenga nchi na makaratasi yanayowazika wakiwa hai. Walinipigia makofi. Nyuma yangu nilimsikia yule dada mara mbili: "Kaka, naomba nikueleze jambo moja... Kaka, nisikilize."

"Hakuna cha kunieleza!"

Mlinzi mmoja mtu mzima akanishika kiwiko kwa adabu. "Twende, bwana mkubwa. Hotuba nzuri, lakini na hawa wenzako wana wagonjwa."

Nyumbani nilikitoa kile kijitabu chini ya mguu wa meza, nikakikunjua, nikakitafuta kifungu. Kilikuwa cha kumi na saba, chini kabisa mwa ukurasa. Nikampigia mama mdogo nikamsomea kwa hasira: siku tisini, fomu, kabla ya kwisha muda.

"Hicho nakijua," alisema.

"Unakijua vipi?"

"Kijitabu hicho nimekisahihisha mimi, mwaka wangu wa mwisho kazini. Mara tatu. Baada ya neno 'tisini' walikuwa wameweka koma isiyo na kazi. Nikaitoa." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Koma naikumbuka hadi leo, mwanangu. Zile siku hazikunipita kichwani kabisa."

Nilikitupa kijitabu kwenye kiti, nikakaa kufanya kitu nilichokiweza, yaani kupiga kelele. Niliandika barua ya wazi mtandaoni, nikanukuu kifungu cha kumi na saba neno kwa neno, nikaweka jina langu na namba yangu ya simu. Watu waliisambaza kama moto wa nyikani. Nilijibu maoni siku tatu mchana kutwa. Nilikuwa na hakika kwamba hasira ya watu wengi kiasi kile lazima itamfungulia mtu mmoja mlango. Na kila jioni binti yake alinipigia akaniambia pazia limeshuka tena, limefika karibu na katikati.

Siku ya nne ilipigwa simu kutoka namba nisiyoijua.

"Mimi ni wa dirisha namba nne. Nimeisoma barua yako. Kifungu cha kumi na saba umekinukuu vizuri sana."

"Dada, kama umenipigia kunikejeli..."

"Ungefunua ukurasa, kaka! Cha kumi na nane kiko upande wa pili. Mstaafu akirudi nchini, bima yake inafufuka saa hiyohiyo anayogongewa muhuri wa kuingia. Bila kusubiri, bila fomu. Tuna daktari wa macho anayefanya upasuaji huo kila wiki. Ndicho nilichotaka kukueleza ile siku. Kwa nini mama hajapanda ndege?"

Nilikichukua kijitabu kitini. Nikafunua. Mistari miwili na nusu, imenyooka, haina kosa hata moja.

"Dada," nilisema, "kwa nini hukunipigia mapema?"

"Namba yako nimeipata kwenye barua, na barua nimeiona leo. Ile siku ulinipa mgongo."

Ilichukua siku mbili nyingine kupata nafasi kwenye ndege. Alitua na kichwa kimeegeshwa upande mmoja kama walivyomwagiza, ananitafuta kwa jicho la kulia, na jicho la kushoto tayari lilikuwa kiza isipokuwa ufito wa mwanga kwa chini. Alipasuliwa siku ileile. Bima ililipa kila kitu, mpaka dawa za matone. Daktari, mtu wa maneno machache, alifunga faili akaniuliza kwa upole, "Ilikuwaje mkakaa siku zote hizo? Siku ya kwanza kiini kilikuwa bado kizima."

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa napigania haki?

Baada ya upasuaji aliamriwa alale kifudifudi wiki tatu, ili kiputo cha hewa walichomtia ndani ya jicho kiisukume ngozi ile irudi mahali pake. Wiki tatu nilimlisha, nilimnywesha kwa mrija, nilimsomea magazeti. Nilipokosea kusoma alinirudisha. Tulisubiri wote wawili, na hatukulitaja tulilokuwa tunalisubiri.

Siku ya kurudi kliniki daktari alimfunika jicho la kulia akamwonyesha vidole. Mama mdogo alikaa wima kama mwanafunzi.

"Vingapi, mama?"

"Naona kuna mkono," alisema. "Vidole utanisamehe."

Daktari akasema ngozi imeshika vizuri, ila kiini hakitarudi. Atatofautisha mchana na usiku kwa jicho lile, na umbali wa vitu utampotea kwa muda. La kulia litunzwe, na kazi ya kusoma herufi ndogo saa nzima nzima aiache.

Jioni ile nilimwambia yote. Kwamba ile wiki aliponituma sikupita ofisini. Kwamba karani alitaka kunieleza nikamkata kauli. Kwamba ukurasa wa pili ulikuwa mkononi mwangu siku ya kwanza. Nililia, na sikuwa nimelia mbele yake tangu nikiwa darasa la tatu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mimi mjukuu wangu nimemwona kwa macho mawili. Wangapi wamepata hivyo?"

"Mama mdogo, usinifanyie mzaha. Nikaripie."

"Nikukaripie nini? Wewe ulisoma nusu, mimi nimesoma kinyume. Tungekaa mezani pamoja usiku mmoja tu, tungepata kijitabu kizima." Akanyoosha mkono kutafuta bega langu, akagusa hewa, akanyoosha tena mbele zaidi, akalipata. "Nenda kalale, mwanangu. Kesho mitihani waliyoniletea wenye shule wiki hii irudishwe."

Asubuhi yake aliamka kabla yangu. Nilisikia sauti ya vyombo jikoni, nikatoka, nikasimama mlangoni. Alikuwa amechemsha chai mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na ameweka vikombe viwili mezani. Aliinua chupa, akainamisha kuelekea kikombe changu, kilichokuwa upande wake wa jicho la kushoto, na chai ikashuka kwa mkondo mmoja mnene vidole viwili kando ya kikombe. Ilitapakaa mezani, ikafika ukingoni, ikaanza kudondoka sakafuni. Aliendelea kumimina, uso umetulia, mpaka aliposikia matone. Akasimamisha mkono. Akaweka chupa chini, akapapasa meza kwa kiganja, akaguna kwa sababu ya moto. Hakujua niko pale. Akakitafuta kikombe, akaweka kidole cha shahada ukingoni mwake na kukiacha hapo, akainua chupa mara ya pili, akamimina polepole kufuata kidole.