Sentimita na Tope la Bwawani

Kwenye ofisi ya maji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sentimita, na hata mfagizi aliyeajiriwa juzi alimwamkia, "Shikamoo, Sentimita," bila kucheka. Jina lenyewe alilipata kwa haki. Kazi yake ilikuwa kusoma ubao wa kipimo uliopigiliwa kwenye mnara wa kuchotea maji bwawani, saa moja kila asubuhi, Jumapili ikiwemo, na katika miaka kumi na tisa hakuwahi kukadiria. Ukimuuliza maji yamefika wapi hakukwambia "kama mita kumi na moja hivi." Alikwambia kumi na moja nukta nne mbili. Ukimuuliza kuna tofauti gani, alikutazama kama umevaa shati ndani nje.

Aliingia pale kama mfagizi. Mzee aliyekuwa akisoma ubao enzi hizo alikuwa na magoti mabovu, na ngazi za zege za kushukia majini zilikuwa nyingi, basi akawa anamtuma: "Binti yangu, hebu kaniangalizie." Mzee alipostaafu, bosi wa wakati huo alipekua daftari akakuta mwandiko wa mwaka mzima ni wa mfagizi. Badala ya kumfukuza akampa kazi. Mumewe, ambaye ni seremala, husema nyumba yao ina futi kamba mbili, ndiyo maana hakuna mlango unaogoma kufunga.

Kiangazi kile kilikuwa cha pili mfululizo. Mvua za mwaka uliotangulia zilidondosha matone ya kulowesha vumbi zikaenda zao. Ngazi ambazo kwa kawaida hukaa chini ya maji zikaanza kutokea moja moja, zimevaa utelezi uliokauka kama karatasi. Mji ulikuwa kwenye mgao: mitaa ya bondeni leo, mitaa ya kilimani kesho. Injinia, kijana mpole aliyekuja pale miaka miwili kabla, alikwenda redioni akawaambia watu wasihofu. Maji yaliyomo yanatosha siku mia na kumi, na mvua zinatarajiwa baada ya siku tisini.

Hakudanganya. Ukutani ofisini kwake kulikuwa na jedwali lililotengenezwa bwawa lilipojengwa, limewekewa fremu na kioo. Upande mmoja kimo cha maji, upande wa pili ujazo wake. Sentimita akileta kimo, Injinia anasoma ujazo, anagawanya kwa matumizi ya siku, anapata siku zilizobaki. Hesabu ya darasa la sita.

Kilichomkosesha raha Sentimita ni kasi. Katika ukame wa miaka kumi na miwili nyuma, maji yalipofika kimo kama kile yalikuwa yakishuka sentimita nne kwa siku. Alilifungua daftari la zamani akahakikisha: nne, nne, tatu, nne. Safari hii yalikuwa yakishuka sita, siku nyingine saba, na pampu zinavuta kiasi kile kile. Akangoja wiki nzima asije akaropoka. Asubuhi ya nane akaingia kwa Injinia na madaftari mawili kwapani.

"Ni jua hilo, mama," Injinia alisema baada ya kuyatazama. "Mwaka huu jua ni kali."

"Beseni la mvuke nalisoma kila siku," Sentimita akamjibu. Alikuwa na maana ya lile beseni pana la bati lililo karibu na geti, ambalo hupimwa kujua jua limekula maji kiasi gani. "Jua linakula kama lilivyokula mwaka ule. Hakuna tofauti."

"Basi bomba linavuja mahali."

"Likivuja huko mbele, bwawani haionekani. Pampu zinavuta kile kile."

Injinia akavua miwani. "Wewe unafikiri nini?"

"Nafikiri sufuria lina ukoko," alisema Sentimita. "Kila mvua inaleta udongo wa mashambani, na udongo haurudi kwao. Ukiweka maji kwenye sufuria lenye ukoko, ukiyatazama juu utaona limejaa. Chota vikombe viwili tu, limekwisha. Hilo jedwali lako, Injinia, lilipima sufuria likiwa jipya."

Kijana wa watu akageuka akalitazama jedwali ukutani. Halafu akauliza kama ile boti ya kasia bado inaelea.

Boti ilielea, kwa shida. Fundi wa pampu ndiye aliyepiga kasia, akilalamika mgongo tangu walipoondoka ukingoni. Injinia alishika ramani, na Sentimita akakaa mbele na kamba yenye alama kila nusu mita, mwishoni imefungwa timazi nzito ya chuma. Walikwenda kwa mistari, kutoka ukingo hadi ukingo, na kila baada ya mita ishirini wakasimama. Sentimita alishusha timazi taratibu mpaka kamba ikalegea mkononi, akasoma, akataja, Injinia akaandika. Kazi hiyo iliwachukua siku tatu. Kwenye mkondo wa zamani wa mto, ambako karatasi ilisema kina ni mita tisa, kamba ililegea kwenye tano. Wakarudia. Tano. Fundi wa pampu akachomeka kasia lake chini kwa utani, walipokaribia ukingo, kasia likanasa, na alipolichomoa lilikuwa limepakwa tope jeusi laini hadi karibu na mkono wake.

"Tumekuwa tukigawia watu tope," alisema Injinia.

Waliporudi alifanya hesabu mara mbili, kisha akampa Sentimita naye afanye. Siku hazikuwa mia na kumi. Zilikuwa sitini na nne.

Hapo hapakuwa na ujanja. Ili maji yafike kwenye mvua, ilibidi pampu moja kati ya mbili izimwe, matumizi yashuke hadi sita katika kila kumi. Lakini pampu moja haina nguvu ya kupandisha maji kilimani. Bondeni kuna hospitali, huko hakuguswi. Kwa hiyo mitaa ya kilimani itategemea boza la maji, basi. Injinia aliieleza habari hiyo akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamsogezea karatasi ya vipimo atie sahihi kama mpimaji. Sentimita alishika kalamu. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliishi kilimani, na alikuwa dobi.

Akatia sahihi.

Hakutaka dada yake aisikie redioni kama mtu baki. Siku ile ile baada ya kazi akapanda kilima. Udobini palikuwa kama kawaida: masinki matatu makubwa ya saruji, kamba za kuanikia zilizoelemewa na shuka za nyumba za wageni, makoti ya hospitali yamepangwa mezani yakingoja pasi, wasichana wawili wamekunja mikono ya blauzi wanafikicha. Dada alikuwa akikamua shuka, upande mmoja ameushika yeye, upande wa pili msichana.

"Heee! Leo jua limetokea upande gani?" alimpokea. "Njoo unisaidie kukamua, bega langu limekataa kazi."

Sentimita akashika shuka. Wakakamua wote hadi mwisho ndipo akasema, "Dada, nina habari, na si nzuri."

"Sema. Usinizungushe."

"Kuanzia Jumatatu maji hayatapanda huku."

"Yatapanda siku gani, basi?"

"Hayatapanda kabisa. Mpaka mvua. Litakuja boza mara mbili kwa wiki, ndoo nne kila nyumba."

Dada akacheka. "Ndoo nne! Shuka moja hii inataka ndoo nne." Alipoona mwenzake hacheki, akaiweka shuka kwenye beseni. "Si walisema redioni yanatosha?"

"Yalipimwa upya. Hayatoshi."

"Nani kapima?"

Angeweza kusema ni ofisi. Jibu hilo lilikuwa mdomoni, tayari. "Mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi, dada. Kamba nimeishika mwenyewe."

Wasichana waliacha kufikicha. Dada alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Kumbe mtoto niliyembeba mgongoni ndiye anayenifungia bomba."

"Tusipopunguza sasa, mwezi wa tatu mji mzima utakosa, na hospitali—"

"Nimesikia. Nenda, mdogo wangu. Nina nguo za kumaliza kabla ya hiyo Jumatatu yenu."

Alishuka kilima. Nyumbani alimwambia mumewe kichwa kinamuuma, akalala bila kula.

Boza lilianza kuja Jumanne na Ijumaa. Sentimita alimaliza kusoma ubao, akaandika, akapanda kilimani kupanga foleni badala ya dada yake, kwa sababu bega lile halikuweza ndoo. Watu walimtazama kwa jicho la pembeni. Kuna waliosema vipimo vilipikwa ili maji yapelekwe kwa wakubwa, na mama mmoja alimwambia wazi kwamba amekuja kuchungulia mateso yao. Yeye alibeba ndoo zake. Dada alizipokea, lakini hakumsemesha. Alipitisha maneno kwa wasichana: "Mwambieni huyo aziweke kivulini." Na Sentimita, akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, alisema, "Mwambieni nimesikia." Wiki ya tatu wasichana nao wakaondoka, kazi hakuna. Hospitali ilipeleka makoti yake kwa dobi wa bondeni. Masinki yakakauka yakapasuka nyufa nyembamba.

Mwezi wa pili ulikuwa unaisha, Ijumaa moja, Sentimita alikuwa akitua ndoo ya nne. Dada alikuwa amekaa mlangoni, hakuna msichana wa kumtuma.

"Leo imefika ngapi?" akauliza, akiangalia kwingine.

"Nane nukta sifuri tatu."

"Hiyo ni mbaya?"

"Mbaya, lakini si kama ingekuwa."

Dada akatingisha kichwa, kisha akamsogezea kigoda. Jumanne akauliza tena, na Ijumaa tena, na jirani aliyekuwa karibu akasikia, na baada ya wiki mbili foleni nzima ya boza ilikuwa ikimngoja Sentimita afike na namba. Wengine wakaanza kuiandika ukutani kwa mkaa. Yule mama aliyesema amekuja kuchungulia mateso ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Siku moja Sentimita alichelewa, naye akamfokea, "Tuambie basi, tumekufa au tumepona?"

Siku tisini zikapita, mvua haikuja. Tisini na tano. Injinia alikonda akawa shati linatembea. Siku ya tisini na nane ikanyesha huko juu milimani, mjini ikafika harufu tu. Sentimita alisoma ubao asubuhi iliyofuata: haukusogea. Kesho yake: haukusogea. Siku ya tatu ulikuwa umepanda sentimita tatu. Alishuka ngazi mbili zaidi, akainama, akausoma tena kwa karibu, akakaa palepale kwenye zege lenye unyevu, akalia kidogo, halafu akapanda kwenda kuandika.

Kwa jedwali jipya, siku mvua iliponyesha bwawa lilikuwa limebakiza maji ya siku saba. Kwa matumizi ya zamani yangeisha zaidi ya mwezi mzima kabla yake. Injinia aliyasema hayo redioni yeye mwenyewe, akasema pia kwamba jedwali alilolitegemea mwanzoni lilikuwa na makosa na angepaswa kulihoji mapema. Bodi ya maji haikupenda, lakini hakuondolewa. Jedwali la zamani likateremshwa ukutani.

Pampu ya pili iliwashwa, maji yakapanda kilimani, mabomba yakakohoa kutu siku nzima kabla ya kutulia. Udobi haukurudi kama ulivyokuwa. Hospitali ilikuwa imezoea bondeni, na msichana mmoja tu ndiye aliyerudi. Dada aliziba nyufa za masinki mawili, la tatu akapanda mboga. Hakumshukuru mdogo wake, na mdogo wake hakutegemea.

Ila Jumapili moja Sentimita alimkuta dada yake getini bwawani, amevaa viatu vya kutokea, anatweta.

"Nimekuja kuyaona hayo maji yako," alisema dada. "Miaka yote hiyo sijawahi."

Wakashuka pamoja, dada ameshika bega la mwenzake. Chini wakasimama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani vikielea juu yake.

"Ndiyo haya?" dada akauliza.

"Ndiyo haya."

"Machafu hivi? Mimi nisingefulia hata tambara." Akavua viatu, akaingiza mguu mmoja majini, akautoa haraka. "Na baridi pia!"

Sentimita alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia asimame vizuri, hapo panateleza.