Vijiti vya Bibi Kwenye Mteremko

Juzi theluji iliteleza kutoka kwenye paa la pale wanapoegesha magari, ikatua chini kwa kishindo kizito, kama mtu aliyebwaga gunia la mihogo mibichi. Nilikuwa kwenye kibaraza chetu hapa Crescent Town, huku ughaibuni, naanika kitenge. Ikafuata harufu ya maji na udongo ulioanza kuamka, na mimi huyo nikarudi kwenye milima ya kwetu, juu ya Uvira, nina miaka tisa, nimelowa chapachapa.

Mnivumilie nikipotea njia. Shule niliishia darasa la tatu, na mdomo wangu haujawahi kwenda moja kwa moja.

Mjukuu wangu Neema alikuwa sebuleni anafunga mizigo, na viatu vya kutelezea kwenye theluji, vizito kama matofali. Anaenda na wenzake kwenye milima ya magharibi ya nchi hii, kusikofika barabara. Alinieleza, Kiswahili kidogo na Kiingereza kingi, kwamba miezi hii jua likipiga, theluji inalowa mpaka ndani, inakuwa nzito, kisha ubavu mzima wa mlima unashuka. Ndiyo maana watapita alfajiri, ingali imeganda. Nikamwambia, hiyo naijua, mama, ila kwetu ulikuwa udongo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na vijiti. Alivichomeka kukatiza mteremko juu ya nyumba yetu, kutoka jiwe kubwa hadi mkaratusi, vimenyooka kama uzi. Kila asubuhi wakati wa mvua alisimama penye jiwe, akafumba jicho moja, akachungulia. Vikijificha nyuma ya kile cha kwanza, alisema, "Mlima umelala," akarudi kutwanga sombe, majani ya mihogo. (Sombe ya barafu wanayouza huku haina ladha, lakini hayo tuyaache.) Kimoja kikitoka kwenye mstari, basi mlima umegeuka ubavu, na watu wahame.

Siku moja akanituma nikakate miti ya kusimikia maharage. Msituni kulikuwa mbali, tena mvua inanyesha. Vijiti vinne vya mstari vilikuwa karibu, vikavu, vizuri kabisa. Nikaving'oa.

Nilifika nusu ya njia ndipo akili ikanirudia. Nikakimbia kuvirudisha, na hapo nikaona kitu ambacho hadi leo kinanikausha mate. Matundu hayakuwa kwenye mstari. La kijiti cha tatu lilikuwa limeshuka tangu Bibi achungulie asubuhi ile. Lakini niliogopa kiboko kuliko mlima. Nikatoboa matundu mapya, nikavipanga kwa kamba, vikanyooka kuliko Bibi mwenyewe alivyowahi kuvinyoosha.

Kesho yake Bibi akachungulia. "Mlima umelala." Kesho kutwa vilevile, na mvua haijakatika. Mama alikuwa ndani, amejifungua siku nne tu, mdogo wangu hana hata jina. Nilimtazama yule mtoto anapiga miayo, uji ukanishinda.

Asubuhi ya tatu nilimfuata Bibi penye jiwe. Alikuwa bado amefumba jicho.

"Bibi, hivyo nimevipanga mimi."

Akafumbua jicho. "Na matundu ya zamani?"

"La tatu lilikuwa chini."

"Chini kiasi gani?"

Nikampimia kwa miguu yangu: nyayo mbili. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Kambebe mtoto, mimi namshika mama yako. Ukipita kwa jirani, mwambie atoke."

Tulipanda hadi kanisani, mgongoni mwa mlima, mama akisimama kila hatua chache. Kabla ya mchana tulisikia ngurumo iliyoanzia chini ya miguu. Tulipochungulia, jiko halikuwepo, nyumba haikuwepo, maharage na miti yake vimekwenda. Kulikuwa na njia nyekundu, pana, mpaka mtoni.

Watu walimuuliza Bibi alijuaje. "Vijiti vimeniambia," akajibu, huku ananitwisha bidoni nikachote maji, kama siku nyingine yoyote. Jirani akacheka: "Vijiti vyako vina mdomo, mama." Bibi akasema, "Vina mdomo, ila vilichelewa kidogo."

Nilingoja kiboko wiki nzima. Badala yake, tulipojenga kwingine, alichomeka mstari mpya, akanipa mimi kazi ya kuchungulia. Niliona ni adhabu. Ilibidi nizae, nilee, na mimi nidanganywe na wanangu ndipo nielewe lile swali la "kiasi gani". Angeanza na "kwa nini", ningelia, ningejitetea, na asubuhi ile hatukuwa na nafasi ya machozi yangu.

Neema alikuwa ameacha kufunga mizigo, ananisikiliza. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, "Bibi, kile kifaa cha kutafuta mtu chini ya theluji... niliwaambia wenzangu najua kukitumia. Sijui."

Maneno yalinijaa kinywani. Na unavyojua mdomo wangu.

"Mnaondoka lini?" nikamuuliza.

"Jumamosi."

"Leo Jumanne," nikasema, nikamsogezea simu yake, nikaenda jikoni kupika chai. Nilifungua maji kwa nguvu, ili aongee na wenzake bila mimi kusikia.