Fishie ya Noko Iliyokataa Kufunguka

Enzi zetu pale mjini Baraka, mama hakuhitaji simu kumwita mtoto. Alisimama mlangoni, akaita mara moja, na sauti ikafika mpaka kando ya ziwa, kule wasichana tulikokuwa tukicheza nzango, tukirusha miguu na kupiga makofi. Uliitika "Karibu, mama!" hukohuko uliko, kisha ukakimbia. Ukichelewa, ndugu zako wamekwisha kumaliza ndagala, vile visamaki vya ziwani, wewe unabaki na bugali na mchuzi mtupu. Leo unamwita mtoto aliye chumba cha pili, amejaza vidude masikioni, mpaka umwandikie ujumbe. Jamani!

Nakumbuka tuliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, baada ya miaka ya ukimbizi. Watu walishuka na magodoro, sufuria na mikeka. Mjomba wangu Wilondja, mdogo wake mama, tuliyemwita Noko, alishuka na komputa. Mama alimshangaa sana: "Benzako baleta sufuria, we unaleta sanduku ya makelele!" Lakini ndani ya sanduku hilo kulikuwa na karte, kibao kidogo cha kunasa picha. Ukichomeka waya wa televisheni pale, komputa inarekodi kinachopita kwenye kioo. Noko alirekodi mechi za mpira, halafu anatuonyesha tena kesho yake. Alikuwa hata na mikro yake mezani, imechomekwa kwenye komputa, ya kututangazia mpira kwa mbwembwe, utadhani yuko redioni.

Tulikaa kwenye mkeka, miguu tumeikunja, harufu ya petroli ya groupe, ile jenereta yake ndogo ya nyuma ya nyumba, ikichanganyika na ya samaki wanaokaushwa. Kupiga chafya ilikuwa kosa. Shida ni kwamba fishie za Noko, yaani hizo video zake, zilicheza kwake tu. Mtu akibeba mechi kwenye diski kwenda kwa jirani, kule inatoka picha bila sauti, au sauti na kioo cha kijani kitupu. Mtaani kwetu mtu mkaidi akapewa jina: "Huyu naye ni fishie ya Wilondja." Noko alinuna, sisi tunakufa kwa kucheka.

Siku moja mgeni kutoka Uvira aliipiga picha kwaya ya bamama kanisani kwa kamera yake ya kaseti. Mama yangu, Atosha, ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mgeni alikuwa anaondoka jioni hiyohiyo, kwa hiyo Noko alipaswa kuihamisha kaseti kwenye komputa haraka. Alichomeka waya wa njano, akabonyeza, akaenda zake kuoga ziwani. Mama akarudi uani kwenye mapishi yake. Kaseti haijaisha, petroli ikaisha. Groupe ikakohoa, ikazima, na komputa nayo. Fishie ile haikufunguka tena popote, hata kwenye komputa ya Noko mwenyewe, na mgeni alikwisha kupanda gari na kamera yake, kaseti ndani.

Mama akasema: "Haina shida. Tutaimba tena."

Waliimba tena, Jumapili nyingi tu. Hakuna aliyerekodi. Na nilipokuwa sekondari mama aliugua ghafla, akatutoka. Mwaka baada ya mwaka sauti yake iliniponyoka. Uso nilikuwa nao kwenye picha. Sauti niliitafuta kichwani, sikuipata.

Binti yangu amebeba jina lake. Kwa heshima hiyo simwiti Atosha, namwita "mama", na yeye anajua bibi ni ndoyi wake, wa jina moja naye. Mwaka huu alianza kuniuliza: "Ndoyi yangu alikuwaka anasema je? Sauti yake ilikuwa nene ao nyembamba?" Nikaenda kwa Noko kuulizia diski ya zamani. Alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga.

Niliizungusha kwa vijana wa komputa mjini. Wote walifanya kitu kimoja: walibadilisha herufi za mwisho za jina la fishie, wakanirudishia kwa heshima ya dada mkubwa: "Yaya Furaha, tumeigeuza." Kugeuza jina tu! Ukimwita mbuzi ng'ombe, atatoa ndoo ya maziwa? Mmoja, pikipiki ikimngoja mlangoni, akaniambia niifute, nirekodi ingine. Ingine! Nilimtazama mpaka akaomba msamaha bila kujua kosa lake.

Noko, sasa mzee wa miwani minene, alisikia akachukia. "Mi ndo niliirekodi, mi ndo ntaifungua!" Nilimcheka moyoni. Kumbe alikwisha kuuliza-uliza. Alitafuta programu ya kutengeneza fishie zilizokatika, akaipa mechi moja nzima, iliyorekodiwa na karte ileile, ili iige namna ilivyopangwa na kuipanga hii mbovu vilevile. Tulikaa barazani kwake mchana, umeme wa jua, binti yangu katikati yetu.

Ikafunguka. Picha ilikuwa na kingo zilizochanika kama meno ya kitana, lakini mama alikuwa pale na kitenge chake cha kwaya, anafungua kinywa kuimba. Wimbo hausikiki. Tulichosikia ni kuku, mwiko ukigonga sufuria, groupe ikinguruma kwa mbali.

Halafu: "Furaha! We Furaha! Njoo ukule, bugali inapoa!"

"Karibu, mama!"

Nilikuwa nimekwisha kuitika, nimesimama, kiti kimeanguka nyuma yangu. Noko alivua miwani, anacheka na kulia. "Ni mikro! Waya nyekundu na nyeupe, zenye zinabebaka sauti, nilisahau kuzichomoa kwenye redio nizitie kwenye kamera. Komputa ikasikiliza lupango yetu, kule uani mama yako alikopikia." Na ndani ya fishie, kutoka upande wa ziwa, kitoto kikaitika kwa mbali, "Karibu, mama!" Ndiyo mimi. Halafu petroli ya siku ile ikaisha, fishie ikakatika.

"Ni nene," binti yangu akasema taratibu. "Rudisha."

Enzi zetu tuliitwa mara moja, na wa kutuita alikuwepo. Sasa simu yangu imejaa sauti za watu nisiowajua hata sura, na ya mama ni hiyo moja, ya kuniita kula. Binti yangu naye siku hizi ana vidude vyake masikioni, haitiki. Basi sipigi kelele. Naiweka ile fishie, sauti juu kabisa. Mama anaita, na tunaitika wote wawili.